Zimeni pangaboi kwanza

Haya ndo maneno niloongea Jumamosi alasiri, kuhusu kutengeneza mishumaa na kuijaribu, mbele ya kikundi cha akina mama na vijana hapa Mombasa, wale wanaofanya kazi za mikono nyumbani. Nliombwa niyaandike kwa sababu ya wale walokosa kuja. Nimeyaacha karibu na vile yalivyotoka mdomoni, na makelele yake.

Assalamu aleikum, na wenzetu wengine hamjambo, shikamooni wazee wangu mlioko pale nyuma. Kabla sijasema lolote naomba huyo kijana alokaa karibu na swichi azime pangaboi. Najua. Najua kuna joto, mwezi huu wa tatu hapa kwetu hata ukuta watoka jasho, lakini mezani nina mishumaa mitatu nataka kuiwasha saa hizi, na pangaboi likizunguka juu yake mtaona mambo ya pangaboi, hamtaona mambo ya mshumaa. Haya, asante baba. Madirisha ya upande wa barabara wacheni wazi, haya ya upande wa bahari yafungeni.

Bas nimewasha. Mtu mmoja aniandikie saa, tisa na dakika kumi. Gilasi zote tatu ni sawa, upana wake sentimita 7, nta iliyomo ni ya sufuria moja nilopika siku moja, gramu 150 kila gilasi, mafuta ya harufu ni yale yale na kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni utambi peke yake, huu wa kushoto mwembamba, huu wa katikati wa kadiri, na huu wa kulia mnene. Sintawaambia upi mzuri. Utakuwa unaangalia huku waniskiza, ukichoka na mimi angalia moto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mishumaa ni kazi ya usiku watoto wakilala. Nlianza kwa hasira tu. Stima ilipotea usiku wa mwezi wa pili, nikafungua mtoto wa meza kutoa mishumaa ya duka, naikuta imepinda kama ndizi, na haikuwa jikoni wala juani, ilikuwa kwenye mtoto wa meza chumbani. Nikasema hii kitu hata mimi naweza. Hapo ndo nlipoanza kuangalia video kwenye intaneti, na huko ndiko nlikopotezwa, ntawaeleza.

Neno moja kwanza manake lachanganya watu. Sisi Kenya mtu akikwambia parafini wafikiria mafuta ya taa, yale ya stovu na koroboi. Kwenye mishumaa, parafini ni nta, nyeupe, imeganda, na yote mawili yatoka kwenye mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini lakini si kitu kimoja. Kuna mama alinipigia simu akaniuliza je nta ya parafini niinunue kwa lita? Nikamwambia subiri mamangu, usiwashe kitu, naja.

Sasa ile harusi.

Binamu yangu alikuwa anaolewa, shangazi akaniambia wewe si wafanya mishumaa, tutengenezee ya kuweka mezani usiku wa kupamba. Nikafurahi kama mtoto. Nikapika ishirini kwa mara moja, nimefuata video ya bibi mmoja aloko nchi ya baridi, nje ya dirisha lake naona theluji kabisa, na mimi nafuata neno kwa neno. Nikamwaga, nikapamba, nikapiga picha, kila mtu kwenye familia akasema mashallah. Hata mmoja sikuuwasha. Nlikuwa naona huruma kuuharibu, si mwajua vile kitu ulichotengeneza mwenyewe kinakuwa kizuri machoni.

Usiku ule, nusu saa haikufika, nusu ya mishumaa imezama kwenye nta yake yenyewe ikazimika. Mingine ikaanza kutoa moshi mweusi, na wanawake wamevaa nguo za kukodi mwajua bei zake. Halafu mmoja, utambi ulikuwa umeegemea upande, moto ukawa unalamba gilasi, gilasi ikapasuka ta! nta ikatapakaa mezani. Alhamdulillahi hakuna alodhurika, kitambaa tu. Shangazi hakusema kitu. Mngemjua shangazi yangu mngejua kwamba hilo ni baya kuliko kelele.

Kwa hivyo nikaanza upya, gilasi mbili tatu kwa mpiko, na kila mpiko naonja. Mimi nauita kuonja, kuwasha ule mshumaa wa majaribio. Lakini si kama kuonja biriani, kijiko kimoja wajua chumvi imefika. Mshumaa lazima uule mpaka karibu na chini ndo ujue ladha yake, kwa sababu mshumaa ulokaa vizuri saa nne za kwanza unaweza kukugeuka gilasi ikibaki robo. Moto umeshuka chini, hewa huko ndani ni haba, joto lote limenaswa na kuta za gilasi, na ile nta ilobaki ni kidogo. Mtu anayeonja mara moja akasema tayari, huyo hajaonja.

Tuangalie kinachofanyika pale. Nta ikiwa ngumu haiwaki, jaribu kuweka kiberiti kwenye kipande cha nta, chayeyuka tu. Moto unayeyusha nta, nta ya maji yapanda kwa utambi kama chai inavyopanda kwenye hamri ulolichovya, ikifika juu inageuka mvuke, na huo mvuke ndo unaowaka. Mkitaka ushahidi, zima mshumaa halafu haraka peleka kiberiti kwenye ule mkia wa moshi mweupe, bila kugusa utambi, moto unaruka wenyewe unashuka. Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza, mwisho wa mwaka 1860 alianza kuwafanyia vijana London mihadhara sita mizima kuhusu mshumaa peke yake, na kuruka huko kwa moto ni moja ya vitu alivyowaonyesha. Mihadhara sita. Mimi nimepewa dakika hamsini na pangaboi mwalitaka.

Kwa hivyo utambi ndo bomba. Bomba likiwa jembamba, nta inayoletwa ni kidogo, moto mdogo, unayeyusha katikati tu unashuka kama unachimba kisima, pembeni nta imebaki imesimama kama ukuta, mwisho kisima chajaa na moto unazama. Bomba likiwa nene, nta inakuja nyingi kuliko hewa inavyoweza kuichoma yote, moto unakuwa mrefu unacheza cheza, masizi yanapanda, gilasi yachemka huwezi kuishika, na kwenye ncha ya utambi chatokea kitu cheusi kama kiuyoga. Mimi nataka utambi ambao dimbwi la nta linafika ukingoni taratibu, kwa kukadiria ni saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana, kwa hivyo gilasi hii ya sentimita 7 saa tatu kasoro kidogo. Na dimbwi lenyewe liwe na kina cha sentimita moja hivi, si zaidi sana.

Wazee mlioko nyuma haya mwayajua kunishinda. Bibi yangu alikuwa na taa ya chemni, na kila magharibi kabla ya kuiwasha alikuwa anaukata utambi kwa mkasi, ncha iwe sawa. Mimi nlidhani ni usafi tu. Kumbe utambi ukiachwa mrefu chemni yaingia weusi wote. Na mshumaa ni hivyo hivyo, kila ukitaka kuuwasha tena ukate utambi ubaki milimita 5 au 6. Ile mishumaa ya zamani Ulaya ilikuwa na utambi wa kusokota, watu wakikaa nayo na mkasi usiku kucha, mpaka miaka ya 1820 Mfaransa mmoja akaja na utambi wa kusuka, kusuka kama nywele, na ukisuka utambi unapinda kidogo ukiwaka, ncha yatoka nje ya moto yaungua yenyewe. Lakini kwenye gilasi bado mkasi wahitajika.

Mtanisamehe kusema tambi tambi, si za futari hizi.

Na hapo kwa utambi kuna mtu ataniuliza si ntengeneze mwenyewe? Nimejaribu. Nlichukua uzi wa kutarizi kofia, nikasuka nyuzi tatu tatu. Ule wa kwanza uliwaka vizuri, wa pili ukazimika zimika, wa tatu ukawa unatoa cheche, na zote nimesuka mimi kwa mkono mmoja siku moja. Sasa huwezi kujaribu kitu ambacho chenyewe hakikai sawa. Siku hizi nanunua za pamba zilizosukwa kwa mashine, na hata hizo namba ya kampuni hii si sawa na namba ya kampuni ile, ukibadilisha duka anza kuonja upya. Na ukiuziwa uzi ukaambiwa ni pamba, choma ncha. Pamba yabakisha jivu laini. Ukiona imekuwa kitone kigumu kama shanga, hiyo ni plastiki, rudisha.

Jinsi ninavyoonja ni hivi. Nina daftari la mistari la watoto wa shule na mizani ya jikoni ya digitali. Kila kitu kwa gramu, hata mafuta ya harufu, manake nta na mafuta hayana uzito mmoja, kikombe ni kikombe tu. Nta gramu 450, harufu asilimia 6, ni gramu 27, inatoka gilasi tatu na kidogo kinabaki kwenye sufuria. Nikishamwaga siziwashi kesho yake. Hii ni nta ya soya, naiacha wiki mbili kabatini, kwa wengine wiki moja yatosha, nta ya parafini siku chache. Nikianza, napima gilasi kabla, nawasha saa nne nisizidishe, nazima, ikipoa napima tena. Ule upungufu gawa kwa saa. Mshumaa wangu wa sasa unakula gramu 5 kwa saa, kwa hivyo gramu 150 ni kama saa thelathini, na mimi simalizi kabisa, ikibaki nta ya kina cha sentimita moja hivi nasimamisha, hapo chini ndo gilasi hupasuka. Piga hesabu mwenyewe, saa nne kila usiku, mshumaa mmoja wiki nzima. Watu watatu washaniacha hapo kwenye hesabu. Walikuja wataka biashara ya Ijumaa.

Mamangu akinikuta sebuleni na mishumaa mitatu inawaka na taa ya stima imewaka juu yangu husema, wewe wachoma pesa na waziangalia. Kweli.

Na ubadilishe kitu kimoja tu. Kimoja. Ukibadilisha utambi usibadilishe harufu. Hili mimi nlilijua kichwani lakini mkono haukuwa unalijua, ilinichukua mwaka mzima na daftari mbili ndo nikaacha kusema aa hii nayo tuongeze hapa kidogo. Manake harufu si harufu tu, inaingia ndani ya mwako. Mshumaa wangu usio na kitu uliwaka vizuri na utambi wa kadiri, nikatia mafuta ya karafuu kwenye nta ile ile, utambi ule ule, ukaanza kudhoofika. Mafuta mengine mazito, yanaziba bomba. Kwa hivyo mwenye harufu tano ana kazi tano, hakuna kusema nta ni ile ile.

Sasa kuna makosa yetu sisi wenyewe wa pwani, na haya hamtayakuta kwenye video ya theluji. Sisi twapenda harufu, nyumba ya Mji wa Kale bila udi si nyumba. Kwa hivyo la kwanza kila mtu afikiria atie maji ya mawaridi ya kwenye mrashi, au marashi ya chupa. Maji ya mawaridi ni maji, hayakai na nta hata siku moja, yanashuka chini yakisubiri moto yapige cheche. Marashi ya kupuliza yana spirti, hiyo nayo yashika moto. Rangi ya keki, maji pia. Kalamu za nta za watoto, hizo zinaziba utambi. La pili, na hili nawaomba kabisa, msiweke vitu juu. Nlipanga karafuu nzima na vijiti vya mdalasini juu ya nta, na asmini zilokauka, mpaka mtu alitaka kuuweka kwenye sherehe ya kuzaliwa. Nikauwasha mwenyewe nyumbani, saa moja na nusu, dimbwi likafika kwa karafuu, karafuu zikaelea zikasogea kwenye moto, zikawa tambi mpya kila moja. Gilasi ile ikawa jiko. Niliifunika kwa kifuniko cha sufuria. Msije mkamwagia maji nta inayowaka, ni kama mafuta ya kukaangia, yanaruka na moto wake. Funika. Na nta usiyeyushe juu ya moto moja kwa moja, sufuria ndani ya sufuria yenye maji, na usitoke kwenda kupokea mgeni.

Mafuta ya nazi mmeshaniuliza mara ngapi. Mafuta ya nazi huyeyuka nyuzi 24 au 25. Mombasa saa ngapi tuna nyuzi 24? Alfajiri ya mwezi wa saba labda, hata kwenye chupa yanaanza kuganda kidogo. Mshumaa wa mafuta hayo peke yake hapa ni supu. Changanya kidogo na nta ngumu, hapo sawa. Nta ya nyuki nayo nzuri, yayeyuka nyuzi sitini na kitu, haipindi kwenye mtoto wa meza, lakini bei yake mtaiuliza wenyewe.

Ila jambo ambalo nlichelewa zaidi kulielewa ni hewa yetu. Yule bibi wa video anasema mwaga nta kwenye joto la kawaida la chumba, na chumba chake ni nyuzi 20. Chumba changu mwezi wa tatu ni 31 usiku. Nta yangu ishaenda nusu ya njia kabla sijawasha kiberiti. Utambi alouchagua yeye kwake ni wa kadiri, kwangu ni mnene. Nina mshumaa nlioujaribu wakati wa kusi, mwezi wa saba, dimbwi lilifika ukingoni saa tatu, nikaandika safi. Mpiko ule ule nikauwasha wakati wa kaskazi, saa mbili na kidogo umefika, na juu ya nta kabla hata ya kuuwasha kulikuwa na matone, mafuta ya harufu yametoka kama jasho. Sasa naonja kila aina mara mbili kwa mwaka, na tambi za mwezi wa saba naandika mwezi wa saba. Kama una kastoma wako Nairobi, huo ni mshumaa mwingine, mpelekee mmoja rafiki aukuonjee huko huko, akikwambia umechimba kisima usibishane naye.

Harufu yenyewe mtaipimaje? Si kwa pua zenu, nyinyi mmekaa nayo saa tatu pua ishalala. Mimi namsubiri jirani apite kukopa chumvi. Akisema mashallah mwapika nini, najua ni mdalasini umezidi. Asiposema kitu namuandika pia.

Haya, saa kumi kasoro ngapi? Bas njooni wachache wachache muangalie, polepole msitie upepo. Wa kushoto, dimbwi kama sarafu ya shilingi ishirini, moto mdogo kama wa njiti. Wa kulia ushakaribia ukingo na dakika hamsini hazijafika, na mwaona ule weusi juu ya gilasi, na kiuyoga kishaanza. Gusa gilasi, upande wa nje, gusa tu. Ehee. Huo hata nisipoumaliza najua. Huu wa katikati mwaniuliza ndo wenyewe? Mimi sijui. Bado saa mbili kwa leo, na baada ya leo bado usiku sita. Ungekuwa nyumbani ningeuacha, na kuukatiza sasa nshauharibia mwanzo, nta ya soya ukiizima mapema kesho inafuata njia ile ile ya jana, inaweza kuchimba. Lakini naona shangazi zangu wa mstari wa mbele wanajipepea na leso, na mzee pale kavua kofia.

Nazima kwa kifuniko, sipulizi, nta ya maji ikirushwa yaunguza. Moja. Mbili. Huu wa kati ntaandika kwenye daftari, kuonja kwa kwanza, dakika hamsini, kumekatizwa na joto la watu. Tatu.

Baba, washa pangaboi.